Ukongwe wa Kuazima

Vitu vya mwanadamu huzeeka kama yeye mwenyewe azeekavyo. Jembe hulika, mlango hupauka kwa jua, kiti hung'aa mahali palipokaliwa sana, na saa ya mkono huchubuka pembeni na kugeuka rangi usoni. Alama hizi hatuzitii sisi kwa makusudi. Hutiwa na siku. Kwa sababu hiyo tumezoea kuziamini, kama tuaminivyo mvi za mzee bila ya kumwuliza alizipata wapi. Basi, msomaji, nataka tufikiri pamoja juu ya mtu aundaye saa mpya kwa mikono yake, kisha, kabla haijavaliwa hata siku moja, akaipa miaka 80. Je, mtu huyu amefanya kazi ya sanaa, au amesema uwongo?

Usidhani kuwa nasema jambo la kubuni. Ufundi huu upo, na wapenzi wake wametawanyika Ulaya, Marekani na Asia. Wao huiita kazi yao saa ya kuenzi, maana yake saa iliyoundwa kwa kuiheshimu saa fulani ya zamani. Nitachukua mfano mmoja. Katika Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza iliagiza saa za mkono kwa ajili ya askari wake. Makampuni 12, miongoni mwao Omega, Longines, Cyma na Vertex, yalizileta, zote zikiwa na mitambo ya Uswisi, na zikapokewa mwaka 1945, vita vikiwa vinakwisha. Zilikuwa na uso mweusi, tarakimu nyeupe, duara dogo la sekunde upande wa chini, na alama ya mshale mpana, ambayo ni chapa ya mali ya serikali ya Uingereza. Hazikuwa na urembo. Ziliundwa zisomeke gizani na matopeni, na labda kwa sababu hiyo hiyo ni nzuri mno.

Leo mtu asiye fundi saa kwa kazi aweza kuunda mfano wa saa hiyo mezani kwake. Hununua mtambo wa kutiwa ufunguo, aghalabu ule wa Kiswisi uitwao Unitas 6498 au nakala yake ya Kichina, ambao asili yake ni mtambo wa saa ya mfukoni. Hununua kasha la chuma kisichoshika kutu, kioo cha plastiki, mishale na ukanda wa ngozi. Uso wa saa huukata katika bamba la shaba ya manjano, akaupiga rangi nyeusi, akachora tarakimu. Mishale huishika kwa kibano, kwa maana ikiguswa kwa kidole jasho hubaki juu yake. Nayo hukandamizwa mmoja juu ya mwingine katika nafasi iliyo nyembamba kuliko ukucha. Akikosea kidogo, mshale wa dakika hukwaruza mshale wa saa, na kazi yote husimama. Akipatia, hutia ufunguo, kamani hukaza, na gurudumu dogo lililokuwa limelala huanza kwenda huku na huku, mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani 5 kwa kila sekunde. Nathubutu kusema kuwa mtu aliyeona jambo hilo likitokea mbele ya macho yake kwa kazi ya mikono yake hawezi tena kuitazama saa yoyote kwa dharau.

Mpaka hapo sioni neno la kulaumu. Kuiga umbo ni njia ya kale ya kujifunza. Maseremala wa Lamu wangali wakichonga milango kwa nakshi walizorithi, wala hapana mtu mwenye akili awaitaye waongo. Mtoto hufuatisha hati ya mwalimu wake mpaka apate hati yake mwenyewe. Umbo halina wivu; likiigwa na watu mia halipungui.

Lakini saa imekwisha na inang'aa, na mng'ao wake humuudhi mwenyewe. Ndipo huanza kazi ya pili, iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Uso wa saa hutiwa katika joko lenye moto mdogo mpaka weusi wake uelekee kahawia, kama igeukavyo rangi ya kale kwa miaka mingi ya jua. Ile rangi ing'aayo gizani hupakwa chai ya mkandaa iliyokolea mpaka ipate umanjano wa samli. Mishale huachwa penye unyevu wa maji ya chumvi mpaka ishike madoa ya kutu. Kasha hutiwa katika mfuko pamoja na funguo, sarafu na mchanga, likatikiswa. Na ncha zake kali hupigwa tupa kidogo, pale hasa ambapo mkono wa shati ungalizila. Ukanda hupakwa mafuta, hukunjwa na kukunjuliwa. Kioo hukwaruzwa, kisha nusu ya mikwaruzo hufutwa, kwa kuwa mwenye saa wa kweli angalijaribu kuifuta. Tazama akili iliyotumika hapo! Fundi huyu haigi kitu tu. Amembuni mtu asiyekuwapo: mtu wa mkono wa kuume, aivaaye saa mkono wa kushoto, ajigongaye milangoni upande wa nje, avaaye shati la mikono mirefu, mwenye bidii lakini si nadhifu sana. Amempa miaka 80 ya maisha, kisha amemvua saa na kuivaa yeye.

Hapa ndipo ninapoona kuwa mambo mawili yamechanganywa. Umbo ni la watu wote, bali kovu ni la mwenyewe. Umbo hueleza jinsi kitu kilivyo. Kovu hueleza jambo lililotukia. Mzee aliyekwenda Burma mwaka 1944 pamoja na King's African Rifles, akarudi na nishani, ana haki ya kuitundika kifuani siku ya kuwakumbuka waliokufa. Kijana aweza kuisifu nishani hiyo, aweza kuichora, aweza hata kuinunua kwa muuza vitu vya kale na kuiweka katika sanduku la kioo. Lakini akiitundika kifuani mwake na kwenda kusimama katika safu ya wazee, amesema jambo kwa sauti kubwa ijapokuwa hakufungua kinywa. Na ule mshale mpana juu ya uso wa saa, ulioandamana na mikwaruzo iliyopigwa kwa mchanga wa juzi, unasema jambo la namna hiyo hiyo. Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Kila taka humwangukia mkubwa naye hana budi kuipokea. Mtu atakaye heshima ya ukubwa pasipo taka zake ni kama kijana ajipakaye majivu kichwani apate kuamkiwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye hapendi kukubali neno kabla hajalipindua, aliniuliza: kama mtu huyu haiuzi saa yake, bali huivaa nyumbani na kuwaambia watu wote kuwa aliiunda mwenyewe, amemdanganya nani? Swali hili ni la haki, na jibu la haraka halilitoshi. Uwongo huhitaji nia. Katika nchi ya Uholanzi alikuwako mchoraji aitwaye Han van Meegeren, aliyechora picha akazifanya zionekane kuwa za Vermeer, mchoraji wa karne ya 17. Alichanganya rangi zake na utomvu wa kiwandani ugandao kwa moto, akaoka picha katika joko, akazikunja ili zipasuke nyufa za ukale, akaziuza kwa fedha nyingi. Moja ilifika mikononi mwa Göring, mkubwa wa serikali ya Hitler. Mwaka 1945 alikamatwa kwa kosa la kumwuzia adui hazina ya taifa, naye ili ajiokoe alilazimika kuthibitisha kuwa ni mwongo: alichora picha nyingine ya namna hiyo mbele ya mashahidi. Mwaka 1947 alihukumiwa, na mwaka huo huo akafa. Joko lake na joko la mwunda saa wetu hufanya kazi moja. Nia zao ni mbali kabisa, na mtu awahukumuye sawa ni hakimu mbaya.

Namkubalia mwanafunzi wangu mpaka hapo, ila namwomba afike mbele kidogo. Saa huishi kuliko mwenyewe. Atakapokufa yule aliyewaambia watu wote kweli, maneno yake yatakufa pamoja naye, na mikwaruzo itabaki ikisema. Mjukuu ataikuta katika kasha la babu, ataona mshale mpana na uso wa kahawia, na atawaambia watoto wake kuwa babu yao alikwenda vitani. Hapo hakuna mwongo hata mmoja, na uwongo upo. Nasi twajua jinsi watu walivyo tayari kununua habari za kitu kuliko kitu chenyewe: saa ya Rolex aliyokuwa akiivaa Paul Newman, mwigizaji wa sinema, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, hali nyingine za aina yake, zenye mitambo ile ile, huuzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Kwa hiyo naona mwunda saa ana wajibu mmoja mwepesi, ambao ni kuchora jina lake na mwaka wa kazi yake ndani ya kifuniko cha nyuma, kwa herufi zisizofutika. Asiyetaka kufanya hivyo ametujibu swali la nia yake.

Mwili wa saa yenyewe, kwa kweli, hukataa kushiriki. Mtambo ule wa saa ya mfukoni una upana wa milimita 36.6, na saa za mwaka 1945 zilikuwa na makasha ya milimita 35 hadi 38 hivi. Basi kasha jipya hupita milimita 40, na mtu ajuaye akilitazama hucheka. Uso unadai uzee, kiuno kinakana.

Wako wasemao kuwa kitu kipya hutia hofu. Mtu huogopa kukitumia, bali kilichokwisha kukwaruzwa humpa raha. Naelewa. Hata suruali leo huuzwa ghali zikiwa zimepauka tayari na kuraruka magotini, jambo ambalo mama zetu, waliokesha wakitia viraka, wangaliliona kuwa ni wazimu. Lakini mkwaruzo wa kwanza huumiza mara moja tu, nao ni wako. Utakumbuka ulikuwa wapi: ulikuwa ukipanda lori, au ukimwinua mtoto, au ukifunga geti la shamba katika mvua. Aliyejaza kasha lake lote makovu ya mtu wa kubuni, siku atakapojigonga kwa kweli hatajua alama ipi ni yake. Kwangu mimi hasara hii ni kubwa kuliko ile ya kudanganya, kwa kuwa humpata mtu asiye na kosa lolote.

Nimeacha jambo la umanjano ule wa samli, nalo ndilo linisumbualo zaidi. Alama za saa na mishale ya saa za mwaka 1945 zilipakwa rangi yenye radiamu iliyochanganywa na zinki salfaidi. Radiamu hutoa mionzi, na zinki salfaidi ikipigwa na mionzi hiyo hutoa mwanga. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, tangu mwaka 1917 wasichana waliajiriwa kuipaka rangi hiyo katika nyuso za saa. Tarakimu zilikuwa ndogo na nywele za brashi hufumka. Basi wakafundishwa kuichonga ncha kwa midomo, wakachovya, wakapaka, wakairudisha mdomoni. Waliambiwa kuwa haina dhara. Radiamu ikakaa katika mifupa yao. Meno yakang'oka, taya zikaoza, na wengi wakafa wangali vijana. Watano kati yao walishtaki, na mwaka 1928 kesi ikaisha kwa mapatano, kila mmoja akapewa dola 10,000 na nyingine 600 kwa kila mwaka ambao angeishi. Rangi yenyewe iliendelea kutumika katika saa mpaka miaka ya 1960.

Siku hizi unga ung'aao hauna sumu. Huchota mwanga wa taa na kuurudisha gizani, na huuzwa hata ukiwa umekwisha kutiwa umanjano, kwa jina la radiamu ya zamani. Sisemi kuwa anunuaye kichupa hicho ana hatia. Nasema ni vizuri ajue rangi hiyo ilikuwa ya nini kabla ya kuiita ya kupendeza.

Msomaji, ukizipata saa hizo mbili, ile ya kale na ile ya kuenzi, ziweke pamoja mezani chini ya taa kwa dakika chache, kisha uzime taa. Ile ya mwaka 1945 aghalabu hutaiona. Zinki salfaidi yake imechakaa zamani kwa kupigwa, ijapokuwa radiamu, ambayo huhitaji miaka 1,600 hivi ili ipungue nusu, ingalimo na ingali ikitoa mionzi yake kimya. Ile ya juzi, iliyopakwa chai ionekane imekufa, itawaka kijani, tarakimu zake zote na mishale yake yote, na utaweza kusoma majira.