Amana ya Dereva: Je, Zamani Ilikuwa Bora?

Madereva wakongwe wa malori wa njia ya Dar es Salaam hadi Zambia husema mara kwa mara kwamba udereva wa kweli ulikuwa wa zamani, na kwamba siku hizi kinachoendeshwa ni gari tu. Kauli hiyo huchukuliwa kuwa ya kupitisha muda. Hata hivyo ndani yake mna swali la kale katika dini na falsafa: je, zama moja inaweza kuwa bora kuliko nyingine, na anayeikumbuka anaaminika kuwa shahidi wake?

Zamani inayotajwa ilianza na dharura. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikitoka na mafuta yake yakiingia kwa reli ya kusini iliyopita Rhodesia. Njia hiyo ilipokuwa mashakani, mapipa ya mafuta yalipakiwa Dar es Salaam kwenye malori, na malori hayo yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo na changarawe: masika tope, kiangazi vumbi lililomficha wa mbele. Ajali zilizidi hadi barabara ikapachikwa jina la njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976.

Malori hayakuondoka barabarani. Vizazi vilivyofuata viliendelea kupanda Kitonga kwa gia ndogo na kupita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma. Hawa ndio wanaoeleza jinsi dereva alivyokuwa pia fundi, mlinzi wa mzigo na mwakilishi wa tajiri. Springi ikikatika porini, aliyepita alisimama. Simu ya mkononi haikuwepo, hivyo tajiri alikaa siku nyingi bila habari, akimtegemea mtu mmoja kwa mali yenye thamani kuliko mshahara wake wa miaka. Sasa mambo ni mengine. Malori mengi yana kifaa kinachomwonyesha mwenye gari lilipo, mwendo wake na mahali liliposimama. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani imepangwa njia nzima. Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha tangu 2019.

Kumbukumbu hiyo ina mapengo. Waliokufa kwenye miteremko hawapo kusimulia, kwa hiyo sifa za zamani hutolewa na walionusurika peke yao. Katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulienea katika miji ya vituo vya malori, ukawaondoa madereva, wake zao na wanawake waliouza chakula na vyumba. Utingo naye, aliyelala chini ya gari na kuweka jiwe kwenye tairi wakati lori likirudi nyuma mlimani, ana masimulizi yake, na hayalingani daima na ya aliyeshika usukani. Heshima inayoliliwa leo haikugawanywa sawa.

Maandiko yanakabili hamu hii kwa namna tofauti. Mhubiri, katika sura ya 7 aya ya 10, anamkataza mtu kuuliza kwa nini siku za kwanza zilikuwa bora, kwa kuwa kuuliza hivyo si hekima. Katika Sahihi ya Bukhari, watu walimlalamikia Anas bin Malik juu ya ukali wa gavana al-Hajjaj, naye akawaambia wasubiri, kwani kila zama hufuatwa na iliyo mbaya zaidi. Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zote zinamfunga msikilizaji kwenye wajibu wa leo. Mhubiri anamnyima kisingizio cha kuikimbia siku yake, na Anas anamtaka aivumilie bila kungoja nafuu ya kesho.

Augustino wa Hippo, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, alifikia hoja kwamba yaliyopita hayapo popote ila katika kumbukumbu, na kumbukumbu ni tendo la sasa. Kwa hoja hiyo, mzee anayeisifu barabara ya tope anasema jambo juu ya hali yake ya leo. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliiona zamani kuwa hazina inayoyapa maisha ya sasa msingi. Kwa Augustino hamu ni dalili, na kwa Mbiti ni urithi. Dai la wakongwe linaweza kuwa vyote viwili: likichukuliwa kama hukumu juu ya zama nzima halisimami, lakini likichukuliwa kama ushahidi juu ya kitu kimoja kilichopotea, linastahili kusikilizwa.

Kitu hicho ni amana. Katika Sura ya al-Ahzab, aya ya 72, amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikaikataa kwa hofu, na mwanadamu akaibeba. Wafasiri wengi wameihusisha aya hiyo na wajibu na uwezo wa kuchagua. Amana haiwezekani pasipo nafasi ya kuivunja. Dereva aliyeweza kuuza mzigo njiani naye akaufikisha alithibitisha tabia yake, lakini anayefuatiliwa kila dakika anathibitisha kwanza kwamba kifaa kinafanya kazi. Uaminifu wake unaweza kuwa uleule, ila umekosa mahali pa kuonekana, na sifa isiyoonekana haimpatii mtu heshima mbele ya wenzake.

Pingamizi lipo, nalo lina nguvu. Kifaa hakikuja bila sababu: mafuta yalinyonywa, mizigo ikapotea, na mwendo wa kasi ukaua watu wasiokuwa na fungu katika biashara hiyo. Abiria wa basi linalopishana na lori hawana deni la kumpa dereva uwanja wa kuonyesha wema wake kwa kuhatarisha maisha yao. Uhai wa mtu unatangulia fahari ya mwingine, na kwa hilo kidhibiti mwendo na mizani ni haki.

Haki hiyo ina mpaka. Kupima mwendo na uzito hulinda watu wa nje. Kuhesabu kila kusimama, hata kwa swala, chakula au kumsaidia aliyekwama, hulinda faida, na huchukulia kwamba mtu ni mwizi hadi mtambo useme vinginevyo. Mwenye mali anaweza kuchunga la kwanza na kuliachia la pili litegemee neno la dereva. Jambo hilo halihitaji kurudi kwenye tope. Sehemu ya zamani inayoweza kudaiwa leo kwa haki ni hiyo tu, na anayeidai kwa nguvu zaidi angepaswa kuwa tayari kumpa na utingo wake.