Kadi Uliyokwisha Kuiona



Vijana wenzangu, leo tutafakari juu ya kumbukumbu, na mwalimu wetu ni mchezo wa watoto. Wengi mnaujua. Kuna kadi zenye picha, kila picha iko mara mbili. Zinachanganywa, zinalazwa kifudifudi, na kila mchezaji kwa zamu yake anafunua mbili. Zikifanana anazichukua na anacheza tena. Zisipofanana anazirudisha pale pale, zamu inahamia kwa mwenzake. Mwenye jozi nyingi mwishoni ndiye mshindi.

Parokiani ninakofanya utume wakati wa likizo, watoto wa Utoto Mtakatifu wanazo kadi walizochora wenyewe kwenye vipande vya maboksi. Ni kadi 24, mimea 12: mbuyu, mnazi, mwarobaini, mgomba, mpapai, mlonge, halafu mboga zetu, yaani mchicha, mnafu, matembele, kisamvu na wenzake. Jumapili moja baada ya Misa ya pili, kaka mmoja wa chuo alikaa mkekani kucheza na binti wa darasa la pili. Alifungwa jozi tisa kwa tatu! Tulicheka sana, lakini sababu ilikuwa wazi kabisa. Kaka zamu yake ikiisha tu, anashika simu. Binti hakubandua macho mkekani, hata zamu ilipokuwa ya mwenzake.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kwa kadi 24, ukifunua ya kwanza, nafasi ya kuipata jozi yake kwa kubahatisha ni 1 kati ya 23. Mwanzoni basi wote ni maskini. Lakini kila kadi inayofunuliwa, hata isiyofanana na mwenzake, ni mali ya yule anayekumbuka. Haijapotea, imelazwa tu. Anayesahau anaanza upya kila zamu. Mwenzake anacheza, yeye anabahatisha.

Sasa fungua Injili ya Marko 8:14-21. Mitume wako kwenye chombo na mkate mmoja tu, wanahangaika watakula nini. Na nani yuko nao humo humo? Yesu! Anawauliza kama hawakumbuki: ile mikate mitano kwa watu elfu tano, mlikusanya vikapu vingapi? Wanajibu kumi na viwili. Na ile saba? Saba. Namba wanazo kichwani, sawasawa kabisa. Walichokosa ni kuiunganisha ile kadi ya jana na hii ya leo. Njaa ya leo mezani, mkate wa jana mezani, na bado hawaoni kuwa ni jozi.

Hapo ndipo wengi wetu tulipo. Kijana mmoja aliniambia, “Frateri, mimi Mungu hajawahi kunifanyia kitu.” Amemaliza masomo, mwaka wa pili huu anazunguka na bahasha ya vyeti, na kanisani alikwishaacha kuja. Sikumhubiria. Nilimwomba tu anisimulie mwaka aliofiwa na baba yake, wamevukaje. Akaanza kusimulia akina mama wa Jumuiya waliokuja na unga na maharage wiki baada ya wiki, na mzee mmoja aliyemlipia ada ya muhula bila kutaka shukrani. Katikati ya sentensi akanyamaza. Baadaye akasema polepole, “Kumbe nilikuwa nimesahau.”

Sitaki kuwadanganya: hadi leo hajapata kazi. Kadi ile bado imelala. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja Misa, akakaa benchi la nyuma. Kilichobadilika ni kwamba sasa hacheza tena kama mtu asiyewahi kuona kitu.

Tukiwa tunasoma falsafa tulifundishwa kwamba Mt. Thomas wa Akwino anaihesabu kumbukumbu kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Anatoa hata ushauri wa namna ya kukumbuka: tafuta picha, panga mambo kwa utaratibu, lijali lile unalotaka kulikumbuka, kisha lirudie mara kwa mara. Hilo la kujali nililiona mkekani. Picha za mboga zote ni kijani, wakubwa walichanganya mchicha na mnafu. Watoto wanaotumwa bustanini kila jioni hawakuchanganya. Unachokigusa na kukijali hakikutoki kirahisi. Kama hukumbuki wema wa Mungu, jiulize: nimewahi kukaa nao hata dakika tano?

Tena Biblia yetu ya Kiswahili ina kitabu kizima kinachoitwa Kumbukumbu. Katika Kumbukumbu la Torati 8, Musa anawaagiza Waisraeli wakumbuke njia yote ya miaka arobaini jangwani, njaa pamoja na mana. Angalia, hawaambii wakumbuke matamu peke yake. Mwarobaini ni mchungu, na ni dawa. Miaka yako michungu nayo ni kadi, usiitupe nje ya mkeka.

Na Yesu, usiku ule kabla ya kuteswa, alituachia nini? Aliagiza tuumege mkate kwa ukumbusho wake. Ndiyo maana Misa si kukumbuka tu kama mtu anayetazama picha za zamani kwenye simu. Sadaka ile ile ya msalabani inafanywa iwepo mbele yetu altareni. Ukikosa Misa mwezi mzima, usishangae ukianza kudhani Mungu hajawahi kukufanyia kitu.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Mt. Inyasi wa Loyola aliwafundisha watu kuipitia siku mbele ya Mungu, wakianza na shukrani. Kabla ya kulala weka simu mbali, pitia siku yako, andika jambo moja ulilopokea. Kisha uliza: hili linafanana na nini ambacho Mungu alikwisha kunitendea? Usilazimishe jozi. Nyingine zitachelewa, nyingine tutazifunua mbinguni.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewakumbusha mitume vikapu kumi na viwili, tukumbushe na sisi. Utujalie Roho wako, ili katika siku ya njaa tusisahau mkate uliotupa. Mama Maria, uliyeyaweka mambo yote moyoni mwako, utuombee. Amina.