Tukiambiwa Hatuna Malaria

Mwenzetu mmoja alitoka zahanati juzi akinung'unika. Alikuwa na homa na kichwa kikimgonga. Akachomwa kidole, likachukuliwa tone moja la damu, na baada ya dakika 20 hivi tabibu akamwambia hana malaria. Hakukubali. Alipita duka la dawa, akanunua dozi ya dawa ya mseto, akaanza kumeza. Tulipomsikiliza hatukucheka, maana wengi wetu tumefanya hivyo hivyo.

Zamani homa ilikuwa malaria, basi. Hadubini zilikuwa chache, na kumpa mtoto klorokwini bila kumpima ilikuwa busara, kwani kungoja kungeweza kumwua. Lakini tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lashauri kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na kipimo hiki kidogo chafanya kazi hata penye zahanati isiyo na umeme. Twakisifu sana, ila kikisema ndiyo tu.

Ndugu wasomaji, je, kosa li wapi? Fedha ni zake na mwili ni wake. Sisi twaona kwamba dawa si yake peke yake. Klorokwini ilikuwa ya wote, na Tanzania ililazimika kuiacha mwaka 2001 kwa kuwa vijidudu viliizoea. SP iliyofuata nayo haikudumu. Mwaka 2006 ukaja mseto. Kisha mwaka 2020 wataalamu walitangaza kuwa huko Rwanda wameona vijidudu vilivyobadilika, vinavyoweza kuistahimili artemisinini, ambayo ndiyo nguvu ya mseto wenyewe. Dawa iliyomezwa bila sababu hubaki kidogo kidogo damuni, na kijidudu kitakachoingia baadaye hujifunza hapo. Atakayelipa huenda ni mtoto wa jirani.

Hata hivyo tabibu naye ana deni. Kusema "huna malaria" si mwisho wa kazi. Homa ina chanzo chake: labda kichomi, labda ugonjwa wa njia ya mkojo, labda mafua yatakayopoa yenyewe. Mgonjwa aelezwe, tena aambiwe arudi homa isipotulia, maana kipimo nacho chaweza kukosea. Anayefukuzwa kwa neno moja atakwenda dukani tu.

Homa ya mwenzetu ilipoa siku ya pili. Anasema ni mseto uliomponya, nasi hatuna njia ya kumwonyesha vinginevyo. Vidonge vilivyobaki amevitunza kabatini, kwa ajili ya siku mtoto atakapougua.