Wagonjwa Waliofia Nje

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Epidauros, katika nchi ya Ugiriki, utaonyeshwa uwanja wa michezo ya kuigiza usio na paa, uliojengwa kwa mawe ubavuni mwa kilima mnamo karne ya 4 kabla ya Nabii Isa a.s. Safu za viti mwanzoni zilikuwa 34, baadaye zikaongezwa 21, na watu zaidi ya 12,000 waliweza kuketi humo. Hakika ni kazi ya kustaajabisha.

Lakini uwanja huo ulikuwa sehemu tu ya mahali pa kutafutia ponya. Wagonjwa walimwendea Asklepios, ambaye Wagiriki walimwabudu kuwa mungu wa uganga. Mgonjwa alijitakasa, akatoa sadaka, kisha akalala katika jumba maalumu akingoja ndoto ya kumponya. Habari za waliopona zilichongwa juu ya mawe, na baadhi ya mawe hayo yapo mpaka leo. Moja lasimulia juu ya mwanamke wa Athens, mwenye chongo, aliyewacheka waliodai kuponywa. Naye akaambiwa ndotoni kwamba atapona, ila atoe nguruwe wa fedha awe ukumbusho wa ujinga wake!

Je, wasiopona? Habari yao twaipata kwa Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2 baada ya Isa a.s. Yeye asema kwamba ndani ya mipaka ile mitakatifu ilikuwa haramu mtu kufa au mwanamke kuzaa. Basi wagonjwa walikata roho nje, mahali pasipo paa, mpaka katika zama zake Mrumi mmoja mkubwa, Antoninus, alipojenga nyumba ambamo ilikuwa halali kufa na kuzaa.

Mtu aweza kuwatetea wenyeji kwamba Wagiriki waliona kifo na uzazi kuwa najisi. Hata kisiwani Delos yalikatazwa hayo mwaka 426 kabla ya Isa a.s. Utetezi huu naukubali nusu. Waeleza kwa nini maiti haikutakiwa karibu na madhabahu. Hauelezi kwa nini, kwa muda wa zaidi ya miaka 400, watazamaji walikuwa na viti vya mawe na anayekufa hana hata kibanda. Mawe hayakukosekana, wala mafundi. Na nyumba ya Antoninus haikuvunja sheria yao yoyote. Ingaliweza kujengwa kabla ya safu zile 21 kuongezwa.