Asubuhi ya Filipi



Mahubiri mengi kuhusu Paulo na Sila hukomea usiku wa manane. Huko Filipi wamechapwa fimbo, wametupwa chumba cha ndani cha gereza, miguu iko kwenye mkatale, nao wanaomba na kuimba. Nchi inatetemeka, milango inafunguka, tunapiga makofi na kwenda nyumbani. Wiki hii nawaomba tuisome habari yao katika Matendo 16 tangu mwanzo, na Biblia tusiifunge mpaka kukuche.

Walifungwa kwa nini? Kwa sababu ya kijakazi. Binti alikuwa na pepo wa uaguzi, na uaguzi wake uliwaingizia mabwana zake fedha nyingi. Paulo akamtoa yule pepo, na pato likaishia hapo. Mabwana walipofika mbele ya mahakimu hawakuthubutu kusema kwamba shida yao ni fedha. Walisema hawa ni Wayahudi, wanatuletea desturi zisizo zetu. Ukiishi Azaiba, hapa Muscat, huhitaji kuelezwa sana maana ya aya hizo.

Ndani ya nyumba zile kubwa zilizo kati ya barabara ya Sultan Qaboos na bahari wapo dada zetu wengi, kutoka Singida, Tanga, Mombasa, Kampala. Wengine wamepata mabosi wema, tena wako mabosi waliozaliwa Unguja wanaozungumza nao Kiswahili safi na kula nao sahani moja. Tuwashukuru hao bila kuuma maneno. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, na yaliyoandikwa humo tunayajua kwa majina ya watu: pasipoti kuchukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mshahara kukatwa au kutolipwa kabisa.

Dada mmoja wa hapa Azaiba hunitumia ujumbe wa sauti akiwa chumba cha kufulia. Kanisa liko Ghala, ng'ambo tu ya barabara kuu, lakini Ijumaa, siku ya ibada yetu, ndiyo siku ambayo ukoo mzima wa bosi huja kula, kwa hiyo kazi yake huwa mara mbili. Huwasha mashine ya kufua, kisha huimba tenzi chini ya mngurumo wake ili ghorofani wasisikie. Mashine ikimaliza kukamua na kunyamaza, naye hunyamaza, hata kama yuko katikati ya ubeti. Mara nyingi hapo ndipo ujumbe unapokatikia.

Alikuwa hajalipwa kwa miezi kadhaa. Mpendwa mmoja, kwa nia njema nadhani, akamwambia amshukuru Mungu tu, wenzake huko nyumbani hata kazi hawana. Akajibu: “Mungu namshukuru kila siku. Mshahara namdai bosi.”

Nimesoma vitabu vya theolojia vyenye kurasa nyingi ambavyo havikufika pale alipofika dada huyu kwa sentensi mbili. Sisi tumezoea kuchanganya madeni haya. Tunamwambia mtu asifu, na ndani yake tunamaanisha anyamaze. Habakuki hakufanya hivyo. Kabla ya kusema kwamba atamfurahia Bwana, alihesabu kila kilichokosekana: tini hakuna, mizabibu haina kitu, mizeituni imewaangusha watu, zizi ni tupu. Sifa yake ilianza na orodha ya hasara, kimoja kimoja. Na Zaburi ya 88 huanza na kilio na kuishia gizani, wala haipandi tena, ila hakuna aliyeiondoa katika kitabu cha ibada. Kwa hiyo wewe ambaye wiki hii sauti haitoki, usijihesabu kuwa umeanguka.

Turudi Filipi. Kulipokucha mahakimu walituma watu waseme, waacheni waende. Mlinzi wa gereza akawaletea habari hiyo. Wengi wetu tungebeba mabegi na kutoa ushuhuda njiani. Paulo akakataa. Alisema wamepigwa hadharani bila hukumu, nao ni raia wa Roma, na sasa watolewe kwa siri? Waje wao wenyewe watutoe. Koo lililokuwa likiimba usiku ndilo lililodai haki asubuhi. Na mahakimu walikuja, wakawasihi.

Naamini mambo haya mawili yanaungana. Aliyeimba usiku wa manane akiwa mkataleni anajua Bwana wake ni nani, basi kukicha hakimu anabaki kuwa hakimu tu. Sifa haikuondoa maumivu ya mgongo. Ilimwondolea hofu ya watu waliompiga. Ndiyo nguvu ninayoiona kwa dada wa mashine ya kufua: bosi ameshika saa zake zote, hata Ijumaa yake, lakini hajamshika yeye.

Tusidhani kwamba sisi ni Waafrika wa kwanza kufika mji huu tukiwa chini ya mikono ya watu wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini majahazi hayakukoma kuvuka. Mwaka 1896 wavulana 18 wa Kiafrika waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa walikabidhiwa kwa mmisionari Mmarekani, Peter Zwemer, hapa Muscat, naye akawafungulia shule. Afya yake mwenyewe ilikwisha kuharibika. Alifariki New York mwaka 1898. Kazi ya mkataba si utumwa, na sitaki mtu aseme nimesema hivyo. Ninachokitazama ni kwamba mtu alipoletewa watoto wale, aliwatafutia pa kulala na pa kusomea.

Mlinzi wa gereza la Filipi naye, saa ile ile ya usiku, aliwaosha wafungwa wake majeraha, ndipo akabatizwa. Ushirika wetu ni mwepisi wa kuombea na mzito wa kuosha. Luka, mwandishi wa Matendo, hatuambii yule kijakazi aliishia wapi baada ya mabwana zake kukosa faida naye. Nyumba ya Lidia, mwanamke aliyewakaribisha Paulo na wenzake, ilikuwa katika mji uleule, na ilikuwa na nafasi.

Ijumaa tutasoma habari nzima ya Filipi, aya ya 11 hadi ya 40. Mlio kazini mtatumiwa sauti, sikilizeni mkipata mwanya. Anayedai mshahara aandike tangu sasa: mwezi gani, kiasi gani, alilipwa lini mara ya mwisho, na atunze picha ya mkataba kwenye simu. Wapo ndugu kati yetu walio tayari kumsindikiza mtu ubalozini, na gari lipo.