Deni la Mgeni

Mtu akisafiri kwenda mahali pa mbali, si kwa biashara wala kwa kumwona jamaa yake mgonjwa, ila kwa kutazama tu uzuri wa mahali pale, je, adaiwa kitu? Wengi watajibu upesi: hadaiwi. Amelipa nauli, amelipa kiingilio langoni, ametazama kwa macho yake. Na macho hayapunguzi kitu. Jibu hili laonekana kuwa sawa, lakini na tulipime kwa habari ya bonde moja lililo milimani huko Marekani.

Bonde lenyewe ni la mto uitwao Firehole, katika nchi ya Yellowstone, ambayo Bunge la Marekani liliitenga kwa sheria ya tarehe 1 Machi 1872 ili ihifadhiwe. Chini yake umo moto wa volkano ya zamani. Maji ya mvua na ya theluji huzama ardhini, hukutana na miamba yenye moto, kisha hupanda tena. Yapatapo njia pana hufanya kisima cha maji ya moto kilichotulia. Njia ikiwa nyembamba, maji hubanwa, mvuke hukusanyika, na mwisho hufyatuka juu kwa nguvu. Chemchemi iliyo mashuhuri kuliko zote, Old Faithful, hurusha maji kadiri ya mita 30 hata 55, tena mara nyingi kila siku. Na kwa kuwa mahali pale pako juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 93 tu, wala hayangoji 100.

Katika bonde hilo kiko kisima kiitwacho Morning Glory, jina la ua la samawati lifunukalo asubuhi, kwa sababu umbo lake na rangi yake vilifanana na ua hilo. Zamani barabara ya magari ilipita ubavuni mwake, na wageni wakasimama kukitazama. Mmoja akatupa senti, na mwingine naye akatupa. Mwaka 1950 walinzi walipunguza maji ya kisima ili kijitapishe uchafu wake. Zikatoka senti kwa maelfu, leso 76, chupa, makopo, taulo na soksi. Walakini takataka nyingine zilikuwa zimekwisha kuziba njia ya maji huko chini. Moto wa maji ukapungua. Na vidudu vya rangi ya manjano, visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, ambavyo kwanza viliweza kuishi ukingoni tu, vikasogea ndani. Rangi ya samawati ikarudi nyuma.

Sasa tuulize: ni nani aliyekiharibu kisima hiki? Hakuja adui kukiharibu. Tungewakusanya wote waliotupa vitu vyao, kila mmoja angesema kwa haki, "Mimi nilitupa senti moja tu." Twapenda kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba, nasi husema hivyo tukiwasifu wawekao akiba. Lakini kibaba hakiulizi kinajazwa nini. Ubaya nao hujaa vivyo hivyo, kwa mikono ya watu wema wasiojuana. Basi udogo wa tendo si udhuru, maana kisima hakikupokea senti moja; kilipokea senti za wote.

Kuna udhuru wa pili: "Mahali hapa ni pa wote, kwa hiyo ni pangu pia." Neno hilo ni kweli, lakini laelekea upande usiofaa. Kisima cha kijiji ni cha wote, na kwa sababu hiyo hasa hapana mtu awezaye kufulia nguo ndani yake. Huko Yellowstone wageni wa zamani walifua nguo katika chemchemi, wengine wakatia sabuni ili kuzilazimisha ziruke, hata askari waliowekwa kuilinda nchi ile tangu mwaka 1886 wakawa na kazi ya kuwazuia. Tena tukumbuke kwamba neno "wote" halikuwa na watu wote ndani yake. Katika milima ile waliishi Washoshone waitwao Tukudika, wawindaji wa kondoo wa mwitu, nao waliondolewa baada ya nchi kutengwa. Atamkaye "pangu" mahali ambapo wenyeji wamehamishwa, yampasa alitamke kwa sauti ya chini.

Udhuru wa tatu ni huu: "Ni maji ya moto na utelezi tu; yana faida gani?" Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, Thomas Brock, aliuchunguza utelezi ule, akaona vidudu viishivyo katika maji yenye moto ambao watu walidhani hauwezi kuacha kitu hai. Kimoja kiliitwa Thermus aquaticus. Kutoka katika kidudu hicho kikapatikana kitu ambacho, tangu miaka ya 1980, kimewawezesha wataalamu kutoa upesi nakala nyingi za vinasaba ili kuutambua ugonjwa. Vipimo vya korona vya mwaka 2020 vilifanyika kwa njia hiyo. Lakini sisemi tulinde mahali kwa ajili ya faida. Mwaka 1872 hapakuwa na mtu aliyeijua faida hii. Alindaye tu kile ambacho faida yake aijua, amefanya ujinga wake kuwa kipimo cha ulimwengu.

Labda msomaji atasema, "Basi afadhali mtu asiende kabisa." La. Sheria ile ya 1872 haikutoka hewani. Mwaka 1871 msafara wa Hayden ulikwenda Yellowstone, na picha zilizochorwa na Thomas Moran na kupigwa na William Henry Jackson zikawasaidia wabunge kuamini. Ni shida mtu kukipigania asichokiona. Kutazama si uvivu, bali ni kazi, nayo ina adabu yake: kupita juu ya njia ya mbao iliyowekwa, na kuuzuia mkono. Na adabu hiyo humlinda mgeni pia, maana ganda la ardhi pale ni jembamba, na watu zaidi ya 20 wamekufa kwa kuungua na maji yale.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliye mtu aweza kumdai mgeni; bonde halina ulimi. Kwa hiyo deni lake ni zito zaidi, maana halidaiwi na mtu ila dhamiri. Njia ya kulipima ni kujiuliza kabla ya kutenda: kama wote watakaokuja nyuma yangu watafanya kama nifanyavyo, kitasalia nini? Hata leo Morning Glory hakijarudia samawati yake ya kwanza. Wageni hufika, huyasifu manjano yake, na wengi hupiga picha. Wala hawajui kwamba wanalipiga picha jeraha.