Umbo la sweta na tabia ya sufu

Sweta la sufu lililofumwa kwa mkono huwa bado halijaisha linapotoka kwenye sindano. Vitanzi vimebanana hapa na kulegea pale, kingo zinajikunja, mkono mmoja unaonekana mrefu kuliko mwenzake. Ndipo hulowekwa, hukamuliwa bila kusokotwa, hutandazwa likiwa bichi juu ya taulo, huvutwa polepole hadi vipimo vilivyokusudiwa, hubanwa kwa pini zisizoshika kutu na kuachwa kivulini likauke kabisa. Katika kazi hiyo ya nyumbani limo swali kongwe la falsafa: je, umbo ambalo kitu kimepewa na mkono wa nje laweza kuwa lake, au hubaki mali ya mkono uliolitia?

Jibu hutegemea kitu chenyewe. Unyoya wa kondoo ni protini iitwayo keratini. Minyororo ya protini hiyo imeshikana kwa vifungo vingi vya haidrojeni, vilivyo dhaifu, na kwa vifungo vya salfa, vilivyo imara. Maji huvifungua vile dhaifu. Unyoya ukikauka, hujifunga upya kulingana na mkao wa wakati huo. Vya salfa havifunguki kwa maji matupu. Kwa hiyo sweta hushika umbo jipya bila kulisahau la zamani: likifuliwa tena, hulirudia kwa sehemu, na kazi huanza upya.

Aristotle, akizungumzia maadili, alitoa mfano wa jiwe: haliwezi kuzoezwa kwenda juu hata likirushwa mara elfu kumi, kwa kuwa asili yake ni kushuka. Fadhila ni tofauti. Binadamu hazaliwi nayo, wala si kinyume cha asili yake; ana uwezo wa kuipokea, na mazoea huukamilisha uwezo huo. Sufu iko karibu na binadamu kuliko na jiwe. Pini hazilipi sweta chochote ambacho unyoya haukuwa na nafasi nacho, na hapo kanuni ya Thoma wa Akwino inafaa kabisa: kinachopokelewa hupokelewa kwa kadiri ya mpokeaji.

Mjini Goma mifano ya kinyume haiko mbali. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi, na nguo za kufuma, hasa za watoto wachanga, zina kazi ya kweli. Lakini uzi wa bei nafuu ni wa akriliki, nao maji hayaugeuzi. Mvuke wa moto huulegeza, na ukipoa hubaki ulivyovutwa, ila mnyumbuko wake umekufa. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoingia mjini tarehe 17 Januari 2002 na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu ilipokea umbo la njia ilizopita, ikapoa, ikawa jiwe. Tangu hapo hubadilishwa kwa nyundo tu.

Ni rahisi kudhani kwamba umbo la kudumu ndilo la kweli zaidi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa sababu akriliki imenunua kudumu kwake kwa kupoteza uwezo wa kupokea tena. Teolojia ya Kikatoliki inayashika yote mawili: ubatizo hautolewi mara ya pili, maana alama yake haifutiki, kitubio hurudiwa maisha yote, wala msamaha wa mwaka jana hauwi wa uongo kwa kuwa wa mwaka huu umehitajika. Umbo la sufu ni la namna hii ya pili, na ni la sufu kweli.

Kupokea huko kuna mipaka, na kuivuka ni jeuri. Maji ya moto yakiambatana na kusugua huyafanya magamba ya unyoya yanasane, sweta likasinyaa lisirudi tena. Maji ya Ziwa Kivu, ambayo kaya nyingi za Goma huyachota kwa bidoni, yana ualkali, pH yake ikikaribia 9, na ualkali huidhoofisha sufu. Ndiyo maana suuzo la mwisho hutiwa siki au ndimu kidogo. Sweta lililofumwa dogo laweza kuongezwa sentimita chache. Likivutwa zaidi, upana huula urefu, na shingo hupoteza mnyumbuko. Pini zikitolewa likiwa kavu, sweta hurudi ndani kidogo. Kipimo chake halisi ni hicho cha baada ya kurudi.